Namna ya Kuliandaa Gari Kuukuu la 4x4 kwa Njia Mbovu Ukiwa Nyumbani

Gari la 4x4 la zamani humpendelea fundi wa nyumbani. Chasisi yake ni nene, ekseli zake mara nyingi ni nzima kutoka gurudumu hadi gurudumu, bolti zake hufikika kwa spana za kawaida, na hakuna kompyuta inayokataa kazi uliyoifanya. Ubaya wake ni umri. Wamiliki wengi huanza kwa kuinua gari na kufunga matairi makubwa, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoonekana kwa mbali, kisha hushangaa gari linapoanza kuyumba, kula beringi na kuchelewa kusimama. Kila unachoongeza kwenye gari hudai marekebisho mahali pengine, na gari ambalo halijarudishwa kwanza katika uzima wake wa awali halina uwezo wa kulipa madai hayo. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ninaoupendekeza huanzia mahali pasipo na fahari yoyote, yaani uvunguni.

Anza uvunguni

Weka gari kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, zuia magurudumu kwa magogo au kabari, liinue kwa jeki, kisha literemshe lilale juu ya stendi za chuma zilizowekwa chini ya ekseli au chasisi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa kazi ya dakika moja. Chukua nyundo ndogo ugonge chasisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, na kilicholiwa na kutu kwa ndani hutoa sauti butu kama ya kopo lililojaa mchanga. Pale uliposikia sauti hiyo, chokoa kwa bisibisi. Ikizama, kazi nyingine zote zisimame hadi sehemu hiyo ikatwe na kuchomelewa chuma kipya na mtu anayejua kuchomelea. Tazama zaidi sehemu zinazobeba springi na sehemu inayoshikilia boksi la stelingi, kwa sababu hapo ndipo tope hukaa na hapo ndipo mzigo ulipo.

Baada ya chasisi, shika kila gurudumu lililo hewani juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini huashiria beringi au boli jointi, au bushi za kingipini kwa ekseli za aina hiyo. Mchezo wa kushoto na kulia kwa magurudumu ya mbele huashiria tairodi au boksi la stelingi. Badilisha bushi zilizopasuka, mipira ya breki iliyovimba au kuchanika, na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu na yanapaswa kubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi hata kama gari halitembei sana. Rejeta iliyojaa udongo katikati ya matundu yake ioshwe kwa maji yasiyo na kasi kubwa kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa sababu katika mwendo wa polepole na gia nzito upepo wa kupoza injini hautoki kwenye mwendo wa gari bali kwenye feni pekee.

Kuna jaribio moja ambalo watu hulisahau. Magari mengi ya zamani yana habu za mbele za kufunga kwa mkono, yaani vitovu vya magurudumu vinavyozungushwa ili kuunganisha gurudumu na ekseli, na habu ikikaa miaka mingi bila grisi huweza kuzungushwa hadi alama ya kufunga huku ndani haijashika chochote. Zuia magurudumu ya nyuma, inua gurudumu moja la mbele na uliweke juu ya stendi, funga habu zote mbili, weka transfa (boksi linalogawa nguvu ya injini mbele na nyuma) kwenye 4x4, ingiza gia injini ikiwa imezimwa, kisha jaribu kulizungusha gurudumu hilo kwa mikono. Lisipozunguka, mfumo unashika. Likizunguka bure, huenda habu moja au transfa haifanyi kazi, nawe umekuwa ukiendesha gari la magurudumu mawili lenye uzito wa manne. Nimewahi kumwona mtu akipanga kununua kifaa cha kufunga difu (boksi la gia kwenye ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu yake mawili) ilhali kasoro yake ilikuwa habu iliyokauka, iliyopona kwa petroli ya kusafishia, brashi na grisi mpya.

Matairi kabla ya springi

Ukiwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha matairi. Springi ndefu huinua bodi na chasisi, lakini haziinui difu hata milimita moja, kwa sababu difu iko kwenye ekseli, na ekseli inasimama juu ya tairi. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya ongezeko la kipenyo. Chukua mfano wa gari lililokuja na tairi za 215/80R16, zenye kipenyo cha karibu milimita 750. Ukifunga 265/75R16, zenye karibu milimita 804, kipenyo kimeongezeka milimita 54 na difu imepanda milimita 27. Mwendo halisi nao umebadilika, kwa kuwa mshale wa spidi ukisoma kilomita 100 kwa saa gari linakwenda karibu 107, gia zote zimepungua nguvu ya kuvuta kwa kiasi hichohicho, na breki zina gurudumu kubwa na zito zaidi la kusimamisha. Ongezeko la kiasi hicho gari nyingi hulistahimili. Ukizidisha sana, itabidi ubadilishe uwiano wa gia ndani ya difu, na kazi hiyo inahitaji vipimo vya mia za milimita ambavyo si rahisi kuvipata kwenye gereji ya nyumbani.

Binafsi huegemea upande wa tairi nyembamba. Tairi ya 235/85R16 ina kimo kilekile cha 265/75R16, lakini hupita katikati ya mawe na kwenye mikondo ya magurudumu kwa urahisi, haigusi bodi upesi unapokata kona, na haiongezi mzigo mkubwa kwenye stelingi. Hakikisha uwezo wake wa kubeba mzigo haupungui ule wa tairi za awali, na usome tarehe ya kutengenezwa iliyo ubavuni: tarakimu 4 kama 2319 zina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini yenye umri mkubwa hupasuka ubavu kwenye mawe. Baada ya kufunga, kata stelingi hadi mwisho pande zote mbili, kisha pandisha gurudumu moja la mbele juu ya kigogo imara na urudie, kwa maana tairi isiyogusa chochote gari likiwa tambarare huweza kukwangua fenda mara springi inapobonyea.

Upepo wa tairi ndio marekebisho ya bei nafuu kuliko yote. Gari linalotembea barabarani kwa psi 32 hadi 36 hutulia zaidi kwenye changarawe mbovu kwa psi 25 hivi, na kwenye mchanga laini huelea kwa psi 15 hadi 18, kwa kuwa alama ya tairi ardhini hurefuka na uzito husambaa. Chini ya 15 tairi huweza kutoka kwenye rimu unapokata kona. Nunua kipima upepo cha kuaminika na pampu ya umeme, kwani mwenye kupunguza upepo bila njia ya kuurudisha atarudi barabarani polepole mno au atachoma tairi zake.

Kuinua kwa kiasi

Milimita 40 hadi 50 zinatosha kwa gari linalotumika pia barabarani. Nunua springi zinazolingana na uzito unaobeba kila siku, kwa maana springi za mzigo mzito kwenye gari tupu hurusha gari badala ya kulituliza, na shokapu zilingane na urefu wa springi mpya. Kwa springi za mabamba, yu-bolti za zamani zisirudishwe, kwa sababu zilikwisha kuvutika zilipokazwa mara ya kwanza; weka mpya, uzikaze kwa kupishanisha kona kwa kona, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari au wa seti ya springi. Bolti za bushi za mpira ziachwe zimelegea kiasi hadi gari lishuke chini na kusimama kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, mpira hubaki umesokotwa siku zote na hupasuka mapema, nawe utailaumu bushi.

Hapa ndipo madai ninayoyazungumzia yanapojitokeza kwa wingi. Ekseli ikiwa inaning'inia kabisa, tazama kama mipira ya breki imevutika; ikiwa imekaza, tafuta mirefu zaidi kabla gari halijatembea. Kwenye gari la springi za kuviringa mbele, kuinua huizungusha ekseli kidogo na kupunguza kasta, yaani ule mlalo wa kuelekea nyuma unaofanya stelingi ijirudishe yenyewe baada ya kona, na dawa yake ni bushi maalumu za kurekebisha kasta. Propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, nayo hupata pembe kali zaidi na huweza kutetemesha gari. Tazama pia kama gari lako lina vali ya breki za nyuma yenye mkono ulioungwa na ekseli. Vali hiyo hupima mzigo kwa umbali kati ya bodi na ekseli. Gari likiinuliwa, vali hudhani kuwa gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata kama umejaza mizigo hadi darini. Kibano kidogo cha kurudisha mkono huo kwenye nafasi yake ya awali humaliza tatizo. Mwisho, shusha mwanga wa taa za mbele, na uulize sheria za mahali ulipo pamoja na bima yako kuhusu urefu unaoruhusiwa.

Maji hupita usipopatazamia

Difu iliyotembea saa moja ina moto, na hewa iliyo ndani yake imetanuka. Ikizama ghafla kwenye maji ya mto, hewa ile husinyaa na kuvuta kitu chochote kilicho karibu, kupitia kivuta pumzi (kitundu cha hewa) kidogo kilicho juu ya ekseli au kupitia sili zilizochakaa. Niliwahi kuvuka kijito kisichofika juu ya magoti, nikaenda zangu nikijisifu, na wiki kadhaa baadaye nilipofungua nati ya kumwagia, mafuta yalitoka meupe na mazito kama uji. Beringi zilikuwa zimeanza kushika kutu.

Kinga yake ni kazi ya nusu siku. Safisha sehemu ya juu ya ekseli kwa brashi kabla ya kufungua chochote ili mchanga usiingie, ondoa kivuta pumzi cha awali, na mahali pake fungia kiungio chenye uzi unaolingana. Unganisha mpira unaostahimili mafuta, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 6 au 8, uupitishe kando ya chasisi mbali na egzosi, na uufikishe juu kabisa ndani ya chumba cha injini. Acha ulegevu wa kutosha ili ekseli inaposhuka mpira usichomoke. Fanya hivyo kwa difu zote mbili, giaboksi na transfa, na ncha za juu zielekee chini zikiwa na chujio dogo.

Bomba la kuvutia hewa juu ya paa lina thamani iwapo tu kila kiungio chake kimezibwa. Maji hayabanwi, hivyo yakiingia kwenye silinda injini ikizunguka, pistoni hugonga kama ukuta na konrodi hupinda. Washa injini, iache katika mwendo wa chini, kisha ziba mdomo wa bomba kwa ubao laini. Injini ikiendelea kuunguruma bila shida, kuna mahali inavuta hewa, na maji yatapapata. Kwenye injini za petroli zenye distribyuta, bomba hilo halisaidii kitu kama waya za plagi zinalowa.

Umeme, uzito na kujinasua

Taa za ziada zipitie kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo. Taa mbili za wati 55 kwa volti 12 huvuta ampea 9 hivi, kiasi kinachoweza kuyeyusha swichi ya zamani. Fyuzi ya ampea 15 iwe karibu kabisa na betri, si karibu na taa, ili waya mzima uwe na ulinzi.

Winchi iwe na uwezo usiopungua mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limepakiwa. Gari la kilo 2,800 linahitaji ya kilo 4,200, kwa hiyo winchi ya paundi 9,500 inafaa. Kumbuka kwamba uwezo ulioandikwa ni wa tabaka la kwanza la waya kwenye ngoma, na hupungua kadiri tabaka zinavyoongezeka. Winchi na bampa la chuma vitashusha pua ya gari, kwa hiyo zipime springi za mbele upya baada ya kuvifunga. Sehemu za kuvutia zifungwe kwenye chasisi kwa bolti za daraja la juu, na shakeli ziwe zimeandikwa mzigo wake. Kamwe usivute gari lililonasa kwa kuunga mkanda kwenye tufe la chuma la kuvutia tela. Tufe hilo likikatika huruka kama risasi, na watu wamekufa kwa namna hiyo.

Kazi ikiisha, chora mstari wa rangi nyeupe unaopita juu ya kila nati uliyoikaza hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Tembea kilomita 200 hivi kwenye njia ya kawaida, kisha lala tena uvunguni na tochi: mstari uliokatika ni nati iliyosogea.