Kurekebisha Namna ya Kupiga Upinde wa Jadi: Anzia Karibu, Bila Alama ya Kulenga

Upinde wa jadi hauna kifaa cha kulengea, hauna magurudumu ya kupunguza uzito ukishavutwa, wala hauna kifyatuo, hivyo kila kinachoamua safari ya mshale kimo mwilini mwa mpigaji. Hesabu yake ni rahisi: ikiwa unavuta sentimita 70 na mkono wako wa nyuma ukapanda au ukashuka shavuni kwa nusu sentimita tu, mshale utapotoka kwa takriban sentimita 14 kwenye shabaha iliyo mita 20 mbele yako. Ndiyo sababu mtu anayesahihisha makosa yake kwa kulenga juu zaidi au chini zaidi hafiki popote, kwa kuwa anafuata kosa ambalo kesho litakuwa limehamia upande mwingine.

Kabla ya jambo lolote, hakikisha kwamba upinde unaotumia ni saizi ya nguvu zako. Uzito wa upinde, yaani nguvu inayohitajika kuuvuta, kwa kawaida hupimwa ukiwa umevutwa inchi 28, na mtu mzima anayejifunza hutosheka na ratili 25 hadi 30, yaani kilo 11 hadi 14 hivi. Ukishindwa kuuvuta kikamilifu na kuushikilia kwa sekunde nane bila kutetemeka, tafuta ulio mwepesi zaidi, hata kama jambo hilo linakukera. Kagua kila mshale kama una ufa, hakikisha hakuna mtu mbele yako wala nyuma ya shabaha, na usiachie kamwe upote (uzi wa upinde) bila mshale, kwa sababu nguvu ambayo ingechukuliwa na mshale huurudia upinde wenyewe na inaweza kuuvunja.

Kisha sogea karibu. Weka robota kubwa la nyasi kavu kwenye kimo cha mabega, simama mita mbili au tatu kutoka hapo, na usibandike alama yoyote. Huko Japani, wanafunzi wa kyudo, yaani upigaji upinde wa jadi wa Kijapani, hufanya mazoezi kwenye robota la mabua liitwalo makiwara, wakiwa umbali unaokaribiana na urefu wa upinde mmoja, ilhali shabaha yao ya kawaida iko mita 28. Faida ya umbali huo mfupi ni kwamba mshale hauwezi kukosa, kwa hiyo akili yako huacha kuhangaikia matokeo na kuanza kuusikiliza mwili.

Kuhusu kusimama sina mengi ya kusema: miguu itengane kwa upana wa mabega, uzito ugawanyike sawa, na kichwa kiigeukie shabaha kabla ya kuvuta, si baada yake. Mkono unaoshika upinde ndio unaohitaji uangalifu zaidi. Usiukabe upinde, uache uegemee nyama iliyo chini ya kidole gumba, na vidole vingine vilegee. Zungusha kiwiko ili kifundo chake kitazame nje badala ya chini, la sivyo upote utauchapa mkono wako, na mkono uliokwisha kuchapwa huanza kukwepa wenyewe hata kabla ya mshale kuondoka.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo hili, ambacho ni mgongo. Wanaoanza wengi huvuta kwa nguvu za mkono, na mkono huchoka mapema, hivyo mshale huanza kuteleza mbele kidogo kidogo wakati wao wanaamini kwamba bado wametulia. Vuta kana kwamba unakipeleka kiwiko cha nyuma kuelekea uti wa mgongo, mpaka uhisi kombe la bega likilisogelea lile la upande wa pili, huku mabega yote mawili yakibaki chini. Ncha ya kidole cha kati iguse pembe ya mdomo, na kidole gumba kijifiche chini ya taya. Nashauri utafute alama mbili za kugusa badala ya moja, kwa mfano pembe ya mdomo na jino la juu linalohisiwa kupitia shavu, kwa sababu alama moja hudanganya kwa urahisi. Ukishafika hapo usiache kuvuta. Mwendo hauonekani tena kwa macho, lakini misuli ya mgongo iendelee kukaza hadi mwisho.

Kuachia si kufungua vidole. Vidole vinavyofunguliwa makusudi huusukuma upote pembeni, na kwa anayevuta kwa mkono wa kulia mshale mara nyingi huenda kushoto. Legeza mkono tu, upote uvisukume vidole wenyewe, na kwa kuwa mgongo bado unavuta, mkono utateleza nyuma kupita chini ya sikio. Mkono wa mbele ubaki ulipo mpaka usikie mshale umegonga robota. Mkono huo ukishuka mapema, au mkono wa nyuma ukilegea kabla ya kuachia, mishale huangukia chini.

Chagua jambo moja kwa kila kipindi cha mazoezi, kwa mfano kiwiko peke yake, na upige mishale mitatu mitatu ukipumzika kati yake. Baada ya kuhakikisha kwamba mshale umeelekea katikati ya robota, unaweza kufumba macho, na utashangaa jinsi makosa yanavyohisika waziwazi. Acha mara tu misuli inapochoka, kwa maana mishale inayopigwa kwa uchovu huufundisha mwili kosa.

Rudi nyuma kwa hatua chache tu kila baada ya siku kadhaa, na uweke alama ya kulenga pale ambapo kuvuta na kuachia vimekuwa vilevile kila mara. Ikiwa alama hiyo itakufanya uachie kabla mkono haujafika mdomoni, jambo linalowapata hata wapigaji wazoefu, iendee kwa njia hii: vuta, tulia, itazame, kisha urudishe upote taratibu bila kupiga. Fanya hivyo mara tano kwa kila mshale mmoja unaoupiga, mpaka uamuzi wa kuachia urudi mikononi mwako.