Kabla trekta dogo halijaingia shambani: uzito wa matairi na pini za zana

Novemba ikikaribia, wenye matrekta Iringa na Mbeya huhangaika na oili, filta na sahani za plau. Uzito wa ziada wa matairi, yaani maji ndani yake au vyuma vinavyofungwa kwenye magurudumu, hukumbukwa trekta likiwa tayari shambani, magurudumu yanazunguka na plau limekaa palepale. Hapo injini hulaumiwa bure. Trekta la hospawa 30 au 40 mara nyingi ni jepesi tu kwa kazi lililopewa.

Jiulize kwanza unakwenda kulima wapi. Udongo mkavu wa Ismani unataka uzito. Majaruba ya mpunga Usangu hayautaki, kila kilo unayoongeza inalizamisha trekta kwenye tope. Huko afadhali magurudumu ya chuma. Kwenye miteremko ya Kilolo, tanua kwanza nafasi kati ya magurudumu ya nyuma, kama rimu zinaruhusu. Fundi anayejaza maji bila kuuliza shamba liko wapi, mimi namkwepa.

Maji ni nafuu kuliko vyuma. Weka kabari, inua gurudumu la nyuma kwa jeki, lizungushe mpaka valvu iwe juu kabisa, toa kisindano chake (kile cha ndani kinachozuia upepo), kisha jaza hadi maji yafike usawa wa valvu. Hiyo ni kama robo tatu ya tairi. Robo iliyobaki iachie hewa, ndiyo inayonesa ukipita kwenye mawe na matuta. Tairi la 12.4-28 hapo limebeba karibu lita 170, yaani kilo 170 kila upande. Rudisha kisindano, jaza upepo, na upime valvu ikiwa juu ili maji yasiingie kwenye geji. Ila kwa trekta linalolala Kitulo, ambako usiku wa Juni na Julai barafu huonekana kwenye majani, funga vyuma. Kalsiamu kloridi huzuia maji yasigande, lakini rimu isiyo na tyubu italiwa na kutu.

Ukishaongeza nyuma, angalia mbele. Nyanyua plau kwa haidroliki: usukani ukiwa mwepesi ghafla, ekseli ya mbele imepungukiwa uzito. Zana ikiwa juu, angalau asilimia 20 ya uzito wote ibaki mbele.

Pini zinazofunga zana nyuma ya trekta zipime kabla ya kununua zana. Zana hushikwa na mikono miwili ya chini na toplinki, yaani mkono wa juu wa katikati, na saizi za pini zina madaraja. Daraja la kwanza, mikono ya chini hutumia pini ya milimita 22 na toplinki 19. Daraja la pili ni 28 na 25. Pini ndogo kwenye tundu kubwa hupwaya na kulila tundu, basi weka bushi ya saizi yake, si kipande cha bomba. Klipu nazo ziwe klipu, siyo misumari iliyokunjwa. Minyororo ya pembeni ikazwe kiasi cha kuzuia zana isiguse tairi.

Tela, au gogo la kuvuta, lifungwe kwenye drobaa tu, ule upau wa kuvutia ulio chini nyuma ya trekta. Ukifunga kwenye toplinki au ekseli, pua ya trekta inaweza kunyanyuka na kumpindukia dereva kabla hajawahi klachi.

Lima mistari michache, ushuke ukague nyayo za matairi. Zikiwa zimevurugika zote, ongeza uzito. Zikibaki safi kama muhuri, umezidisha, punguza maji. Unachotaka ni nyayo zinazoonekana pembeni na kuvurugika kidogo katikati.