Jinsi ya kupata jengo la serikali kwa kumbukumbu ya Holokosti, mfano wa Washington

Mnaotaka kufanya kumbukumbu ya Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, kwenye jengo la serikali, angalieni Wamarekani wanavyofanya pale Capitol, jengo la bunge lao. Ukumbi wa Rotunda haukodishwi kama ukumbi wa harusi, lazima Baraza la Wawakilishi na Seneti wapitishe azimio moja la kuruhusu, rais hata hasaini, na maandalizi yote yanafuata masharti ya ofisi inayotunza jengo. Wameanza hivyo tangu 1979.

Kwa hiyo cha kwanza tarehe. Yom HaShoah, siku ya Kiyahudi ya kukumbuka Holokosti, inafuata kalenda ya Kiyahudi, tarehe 27 ya mwezi wa Nisani, inahamahama kati ya Aprili na mwanzoni mwa Mei, wakati siku ya Umoja wa Mataifa ya kukumbuka Holokosti ni 27 Januari kila mwaka. Ukishajua, tafuta mbunge au diwani akubebee ombi mapema sana, maana bila mtu wa ndani barua inalala tu mezani.

Halafu manusura, na hapa sitanii, hawa ndio wenye shughuli. Ni wazee sana sasa, so uliza lifti, viti vya magurudumu, choo kiko wapi, majina yao yafike kwa askari wa getini kabla ya siku yenyewe, usimsimamishe mtu aliyepona kwenye kambi za Wanazi kwenye foleni ya ukaguzi nusu saa, ni aibu kubwa.

Mishumaa 6, ya Wayahudi milioni 6 waliouawa, iombee kibali cha moto kwa maandishi. Hotuba za wanasiasa ziwe fupi.