Kukuza Dredi za Asili Ukiwa Mfanyakazi wa Mapokezi: Mwongozo kwa Hali ya Hewa ya Mtwara

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumhudumia dada mmoja wa mapokezi katika hoteli hapa Mtwara mjini, ambaye alitaka kuachana na mawigi na rasta za kusukia bila kuhatarisha ajira yake. Anayoyapitia yeye wanayapitia pia wahudumu wa benki, watangazaji, wauzaji wa vipodozi na wote ambao mwonekano wao ni sehemu ya kazi yao. Ninazungumzia dredi zinazotokana na nywele zako mwenyewe, si zile za kuunganishia nywele za bandia, na msimamo wangu ni kwamba katika mwambao huu wa kusini, unadhifu wa dredi huamuliwa zaidi na namna zinavyokaushwa kuliko ustadi wa aliyezisokota.

Hatua ya 1: Zungumza na mwajiri kabla ya kugusa nywele

Soma kwanza mkataba wako na kanuni za mavazi za mahali unapofanya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama dini, jinsia, rangi na kabila, lakini mtindo wa nywele haukutajwa katika orodha hiyo, kwa hiyo usiingie katika mazungumzo ukidhani kwamba sheria imekwisha kukuamulia. Usiombe ruhusa ya jumla ya kufuga dredi, eleza utakachokifanya. Mpelekee meneja picha za dredi zenye umri wa mwezi mmoja, miezi sita na miaka miwili, mwoneshe namna utakavyozibana ukiwa zamu, kisha omba jibu lake kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Kwa uzoefu wangu, mameneja wengi hawachukii dredi zenyewe. Wanachokihofia ni nywele zilizotelekezwa, na hofu hiyo huondolewa na mpango unaoonekana.

Hatua ya 2: Anza mwezi Juni

Mvua zetu huanza kuelekea Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Kuanzia Juni hewa huwa kavu zaidi na upepo wa kusi unavuma vizuri, nao ni msaada mkubwa kwa kichwa kichanga. Kuna sababu nyingine ya kikazi: ifikapo Oktoba minada ya korosho huanza, wanunuzi hufurika mjini na hoteli hujaa. Ukianza Juni, unafika kwenye msimu huo dredi zikiwa zimekwisha kupita kipindi cha kufumuka ovyo. Atakayeanza Januari ataweza pia, ila atafanya kazi mara mbili.

Hatua ya 3: Kugawa na kusokota

Kata sehemu yote iliyotiwa dawa ya kulainisha, kwa kuwa nywele zilizonyooshwa kwa kemikali hazijifungi vizuri. Acha urefu usiopungua sentimita 5. Gawa mafungu yenye upana wa penseli kwa mpangilio wa matofali, ili ngozi ya kichwa isionekane kwa mistari iliyonyooka, kisha kila fungu ligawe mara mbili na uzisokote sehemu hizo pamoja kuwa twisti moja. Kwa mtu wa mapokezi ninapendelea twisti kuliko kusokota kwa kitana, kwa sababu hustahimili kuoshwa mapema na tangu siku ya kwanza huonekana kama mtindo uliokamilika. Sindano ya kroshia siipendekezi kwa nywele changa, kwa kuwa mkono usio mwepesi huzikata kwa ndani.

Hatua ya 4: Unachopaka

Nta usitumie kabisa, wala mafuta ya mgando. Vyote viwili haviyeyuki kwenye maji, hubaki ndani ya dredi, hunasa vumbi na kuzuia unyevu kutoka. Jeli ya aloe vera inatosha wakati wa kusokota. Mafuta ya nazi ni mazuri, nasi huku tumejaliwa nayo, lakini yawe matone machache kwenye ngozi ya kichwa, yasimiminwe kwenye dredi zenyewe.

Hatua ya 5: Kuosha, na hasa kukausha

Wengi huogopa kuosha kwa kudhani kwamba uchafu ndio unaozifunga dredi, na dhana hiyo ndiyo inayowaharibia jina kazini. Mtu wa kawaida hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku; katika dredi, nywele hizo hazianguki bali hubaki zimejizungusha kwenye zile zinazoendelea kuota, na mkusanyiko huo ndio unaoifunga dredi. Nywele safi hujifunga haraka kuliko zenye mafuta kwa kuwa hushikana vizuri zaidi. Baada ya wiki tatu au nne za kwanza, funika kichwa kwa kipande cha stokingi, pitisha povu jepesi la shampuu juu yake, ukikandamiza bila kusugua, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe. Baada ya hapo osha kila wiki moja au mbili.

Tatizo la kweli linaanza maji yanapofungwa. Dredi ni kama godoro lililonyeshewa: nje unaligusa limekauka, ndani maji bado yamejaa. Kadiri dredi inavyokomaa ndivyo kiini chake kinavyokaza na kuchelewa kukauka, na katika unyevu wa pwani yetu, hasa kati ya Januari na Machi, dredi nene inaweza kulala na maji usiku mzima. Unyevu huo ukirudiwa wiki baada ya wiki hualika ukungu, na harufu yake ya uvundo haifichwi na manukato. Mgeni anayeinama kusaini kitabu cha mapokezi ataisikia kabla yako.

Kwa sababu hiyo, osha asubuhi ya siku yako ya mapumziko, usioshe usiku hata kama zamu zimekubana. Kamua dredi chache kwa wakati mmoja kuanzia kwenye mzizi kuelekea ncha, bila kuzizungusha kama unayekamua nguo. Usitumie taulo, kwa kuwa manyoya yake hunasa ndani ya dredi na hayatoki tena. Tumia fulana kuukuu ya pamba au khanga iliyofuliwa mara nyingi, na ubadilishe kavu kila inapolowa. Kisha kaa barazani upepo unapopita, ukizitenganisha dredi kwa vidole ili mizizi ya kisogoni ipate hewa, maana huko ndiko kunakochelewa zaidi. Jua la asubuhi linafaa. Draya inafaa pia ikiwa kwenye moto wa wastani au hewa baridi, ukianzia kwenye mizizi. Moto mkali hukausha nje tu na kukudanganya.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: chukua dredi nene kuliko zote, kwa kawaida ya kisogoni, iguse katikati kwa mdomo wa juu, kisha ibane kwa nguvu ndani ya karatasi nyeupe ya chooni na uhesabu hadi ishirini. Ikiwa midomo inahisi ubaridi, au karatasi imeacha hata doa dogo la unyevu, bado haijakauka. Usizibane, usizifunge kilemba, usivae kofia wala hijabu mpaka kipimo hiki kikubali. Anayevaa hijabu kazini achague ya ndani iliyo ya pamba nyepesi, awe na mbili za kubadilisha. Kwa dada wanaooga janaba, maji hufika kwenye ngozi kupitia mistari ya kugawia, na kwa maswali ya hukumu watamuuliza ustadhi wao. Mimi ninawasisitizia tu kwamba kila josho lihesabiwe kuwa siku ya kukausha.

Umeme ukikatika katikati ya kazi siku ya mvua, badilisha vitambaa mara nyingi zaidi na uendelee kupepea. Usikate tamaa ukalala. Ikiwa harufu imekwisha kuanza, osha kwa shampuu isiyo na mafuta, suuza kwa vijiko 2 vya siki katika lita 1 ya maji, suuza tena kwa maji matupu, kisha kausha kwa uangalifu ule ule. Ikiwa ukiifungua dredi unaona madoadoa ya kijivu au meusi kwenye kiini, siki haitafika huko, na ushauri wangu ni kuikata dredi hiyo kuliko kuilinda.

Hatua ya 6: Miezi ya kuvimba

Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne dredi huvimba katikati na nywele huchomoza pembeni. Hiyo ni dalili ya kujifunga, ingawa ndicho kipindi ambacho mfanyakazi hujaribiwa kusokota mizizi kila wiki ili aonekane nadhifu. Asifanye hivyo. Wiki 4 hadi 6 ndicho kipindi sahihi. Chini ya hapo mizizi hukonda na dredi huja kukatika ikiwa tayari ni ndefu. Siku za katikati laza nywele za pembeni kwa maji kidogo na jeli ya aloe vera, vaa kitambaa kipana chenye rangi ya sare yako, au zisuke dredi zenyewe mistari iliyolala.

Mtindo wa kuzibana dredi zote kuwa fundo moja kwenye utosi, ambao hoteli nyingi huupenda, unahitaji tahadhari. Ukiona vipele vidogo kwenye mizizi ya paji la uso, au ngozi inauma unapozifungua jioni, ulegeze siku hiyo hiyo, kwa sababu mvuto wa muda mrefu huweza kuua mizizi na nywele za mbele zisirudi tena. Badilisha upande wa kubania kila zamu, na usiku lala na kitambaa cha satini.

Kila baada ya kuosha, mizizi ikiwa bado na unyevu kidogo, tenganisha kwa vidole dredi mbili mbili zilizoanza kushikana. Ukiziacha miezi miwili zitahitaji mkasi.