Siku tatu juu ya ubao wa kasia, Hereford hadi Monmouth: maandalizi ya kundi

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wenzetu waishio Uingereza waliojiandikisha kushuka Mto Wye kiangazi hiki kwa mbao za kasia (paddleboard), ambazo mtu husimama juu yake na kupiga kasia. Wengi wenu mmekwisha kusimama juu ya ubao ziwani au pwani, na ndiyo sababu naandika kwa kirefu, kwa kuwa mto ni kitu kingine: ziwani ukianguka ubao unakungoja, mtoni maji yanakuchukua wewe na ubao pamoja na kuwapeleka yatakako.

Hatua ya kwanza ni kuujua mto wenyewe kabla ya kununua chochote. Kutoka Hereford hadi Monmouth ni takriban kilomita 70. Tutalala Hoarwithy siku ya kwanza na Kerne Bridge siku ya pili, ili siku ya tatu, yenye maji ya kasi pale Symonds Yat, ianze na watu waliopumzika. Kutoka Hay-on-Wye kuteremka, umma una haki ya kupita na vyombo katika mto huu bila leseni, jambo ambalo si la kawaida kwa mito ya Uingereza. Haki hiyo, hata hivyo, ni ya maji peke yake. Kingo ni mali za watu, kwa hiyo mahali pa kuingilia, kutokea na kupiga hema lazima pawe pameombwa mapema.

Hatua ya pili ni kusoma kina cha maji. Vipimo vya mto vinaonyeshwa kwenye mtandao wa serikali, na msimamizi wa safari atavifuatilia kwa wiki nzima, si asubuhi ya kuondoka tu, kwa kuwa mvua iliyonyesha kwenye milima ya Wales leo hutufikia baadaye huku jua likiwa limekwisha kuwaka. Mto ukiwa na rangi ya chai ya maziwa na umebeba matawi, safari imeahirishwa, na hakuna atakayepiga kura. Mnamo tarehe 30 Oktoba 2021, pale Haverfordwest huko Wales, watu wanne wa kundi la watu tisa walifariki baada ya mbao zao kupitia juu ya ukuta uliokatiza mto uliokuwa umejaa kwa mvua. Ukuta wa namna hiyo, ukiutazama kutoka juu ya mto, huonekana kama mstari ulionyooka tu. Hatari iko chini yake, ambako maji hujipindua na kumrudisha mtu ukutani tena na tena.

Hatua ya tatu, ambayo ningeomba isomwe mara mbili, ni kamba ya kukufunga na ubao. Mbao nyingi huuzwa na kamba ya kufungwa kwenye kifundo cha mguu. Kamba hiyo inafaa ziwani. Mtoni inaweza kuua. Mti ulioangukia mtoni huyapitisha maji katikati ya matawi yake kama kung'uto lipitishavyo tui, na mtu hubaki kama machicha. Ubao ukipita upande mmoja wa tawi nawe upande mwingine, kamba inakaza, mkondo unakulaza kifudifudi, na mkono hauwezi kukifikia kifundo. Kwa hiyo kila mmoja atavaa mkanda wa kiunoni unaofunguka kwa kuvutwa mara moja. Uvae juu ya jaketi okozi, kishikio chake kikiwa mbele, kisha ujizoeze ukiwa umefumba macho: mkono wa kulia, halafu wa kushoto, halafu mikono yote ikiwa imetoka kwenye ndoo ya maji ya barafu. Ukishindwa mara moja kati ya kumi, rekebisha mkanda uanze upya.

Jaketi okozi huvaliwa muda wote. Likaze, kisha mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda hadi kidevuni, ni kubwa kwako.

Mizigo ifungwe kwa mikanda yenye bizimu. Mpira wa kuvutika ulioshonwa kwenye ubao ni wa kushikia kofia na chupa tu. Niliuamini mwaka mmoja kwa mfuko wa kulalia, ubao ukapinduka, na usiku ule nilijifunika taulo. Vizito vikae karibu na katikati, na jaribio la ubao uliopakiwa lifanyike siku nyingine kabla ya safari, pamoja na kujiangusha kwa makusudi na kupanda tena.

Majini, kiongozi hutangulia na mwokozi mzoefu hufunga msafara. Hakuna ampitaye wa kwanza wala abakiye nyuma ya wa mwisho. Mlio mmoja wa filimbi maana yake ni nitazameni, na mitatu ni msaada. Kwa dharura piga 999 na uombe zimamoto na uokoaji.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtoto wa Pemba, kuogelea si tatizo. Je, bado nahitaji nguo ya mpira mwezi Juni?

Jibu: Marahaba. Unahitaji. Bahari ya Pemba haikukuzoesha baridi hii. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 hukufanya uvute pumzi ghafla bila hiari, na pumzi hiyo ikivutwa chini ya maji, ujuzi wa kuogelea haukusaidii.

Swali: Kwa nini tusiendelee hadi Chepstow, dada? Ramani inaonyesha si mbali.

Jibu: Kwa sababu chini ya Monmouth, kuanzia Bigsweir, mto unafuata bahari. Unguja bamvua haizidi sana mita 4. Chepstow tofauti ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 12, na maji yakipwa hubaki kingo za tope zisizopandika. Hiyo ni safari nyingine, yenye kiongozi mwingine.

Swali: Symonds Yat ni lazima kupita majini? Nimeona picha, nikaogopa kidogo.

Jibu: Si lazima. Sote tutatua kabla ya kuyafikia maji hayo ya kasi na kuyakagua kwa miguu. Anayetaka atapita amepiga magoti, mmoja mmoja, huku mwenye kamba ya kurushia akiwa amesimama chini yake. Wengine watabeba mbao kwa njia ya miguu iliyo ukingo wa kushoto. Mwaka jana mimi nilibeba.