Kuku wanakula vizuri ila mayai hayatoshi: kagua umri, mbegu na banda

Habari za leo wafugaji. Swali linaloulizwa kila wiki ni lile lile: "Kuku wangu wamepunguza mayai, niwape dawa gani?" Kama wanakohoa, wanaharisha au wanakufa, mwite daktari wa mifugo leo hii, somo hili si lako. Lakini kama wanakula, wamechangamka, ila trei hazijai, weka chupa ya vitamini pembeni kwanza. Fuata hatua hizi kwa mpangilio huu, maana ya kwanza haigharimu hata shilingi.

Hatua ya 1: Hesabu wiki

Tafuta tarehe waliyoingia vifaranga. Kuku wa kisasa wa mayai ya kahawia, kama ISA Brown, Hy-Line Brown au Lohmann Brown, huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20. Kilele chao ni kati ya wiki ya 26 na ya 32, na wakitunzwa vizuri, kuku 100 hukupa mayai 90 na zaidi kwa siku. Kuanzia hapo idadi inashuka taratibu huku yai likizidi kuwa kubwa na ganda likizidi kuwa jembamba. Kwa hiyo kuku wa wiki 75 asiyetaga kama zamani haumwi. Amechoka, na wafugaji wengi humuuza kati ya wiki ya 72 na ya 80. Akianza kunyonyoka manyoya, atasimama kutaga kabisa mpaka mapya yaote.

Umri unaonekana pia kwenye mwenendo. Mtetea anayekaribia kutaga upanga wake huwa mwekundu, na ukimwekea mkono mgongoni hakimbii: anachuchumaa, anatanua mabawa kidogo na kutulia kama anayesubiri jogoo. Ukiona hivyo na viota bado havipo, umechelewa, kwa sababu akizoea kutaga kwenye kona kumhamisha ni kazi. Viota viwekwe wakiwa na wiki 16.

Na tafadhali, usichanganye rika. Wakubwa huwafukuza wadogo kwenye chakula na maji, mdogo anadumaa, halafu tunasema mbegu ni mbaya. Tena kuku mkubwa anaweza kubeba ugonjwa bila kuonyesha dalili na kuwaambukiza wadogo.

Hatua ya 2: Jua una mbegu gani

Hapa ndipo watu wanadai yai kwa kuku asiyekuwa nalo. Kuku wa kienyeji hutaga kama mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, na si uvivu: anataga, anaatamia siku 21, kisha analea. Kuku wa kisasa wa mayai hufika karibu 300 kwa sababu hamu ya kuatamia imeondolewa kwa kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi.

Chotara kama Kuroiler na Sasso wako katikati. Wana mwili mkubwa, wanakula sana, na ukiwalisha bila kipimo wananenepa na mayai yanapungua. Kuchi ni habari nyingine kabisa: mrefu, mgomvi, majogoo wake hawakai pamoja, na mayai yake ni machache. Mfuge kwa nyama, kwa jogoo au kwa mapenzi yako. Kishingo yeye ana manyoya machache, kwa hiyo joto la pwani analihimili kuliko wenzake.

Hatua ya 3: Sasa ingia bandani

Nafasi kwanza. Kwa kuku wa mayai wanaolala chini kwenye maranda, weka 5 hadi 6 kwa mita moja ya mraba. Kila kuku apate sentimita 10 za chombo cha chakula, la sivyo wanyonge watakula mabaki. Kiota kimoja kwa kuku 5, tena kiwe na giza kidogo. Kuku anayetaga hadharani huonyesha wenzake nyama nyekundu ya nyuma, na hapo kudonoana kunaanza.

Upande wa banda ni jambo ambalo mafundi wengi hawaliulizi. Ncha zake zielekee mashariki na magharibi, mbavu ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lisipige ndani. Upana usizidi mita 10, ukuta uwe mfupi na juu yake wavu, hewa ipite. Joto likizidi nyuzi 30 utawaona wanahema mdomo wazi na mabawa wameyaachia. Kuhema huko kunatoa hewa ya kaboni nyingi kwenye damu, na ganda la yai linahitaji kaboni hiyo pamoja na kalsiamu. Ndiyo maana wakati wa joto kali unaokota mayai laini hata kama chokaa ipo ya kutosha.

Mwanga nao. Kwetu mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, na kuku anayetaga anafanya vizuri kwenye saa 14 hadi 16. Taa iwake saa 10 alfajiri mpaka kupambazuke, na jioni mpaka saa 2 usiku. Ongeza kidogo kidogo, na ukishaongeza usipunguze. Mitetea wanaokua usiwaongezee kabisa, watataga kabla mwili haujakomaa.

Hatua ya 4: Keti nao

Dakika kumi, kimya, bila simu. Wakilundikana kona moja, tafuta upepo au panya. Usiku ingia bila tochi usikilize: banda zuri lina utulivu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Kibaha: Mwalimu, kuku wangu wana wiki 21, wanadonoana nyuma, wawili utumbo umetoka. Nimeambiwa wamekosa chumvi.*
Chumvi na protini zikipungua wanadonoana kweli, lakini kwa umri huo naanza kushuku mwanga. Je, uliwasha taa mapema, au jua linapiga viotani? Watenge waliojeruhiwa leo, wengine wakishaona damu hawaachi. Ziba viota kwa gunia, punguza ukali wa balbu (si saa zake), na waning'inizie majani wachokonoe.

*Mwanachama, Njombe: Huku baridi kali. Nimefunga turubai pande zote, ila macho ya kuku yanatoa machozi.*
Ni hewa ya mkojo na kinyesi, mkuu. Kuku wazima wanavumilia baridi kuliko hewa chafu. Ziba chini, acha nafasi wazi juu karibu na paa, toa maranda yaliyolowa hasa chini ya vyombo vya maji.

*Mwanachama, Mombasa: Keji (vizimba vya waya) au chini?*
Keji inaokoa nafasi na yai linabaki safi, lakini kuku hajikung'uti vumbini wala kurukia fito, na joto lenu likikwama hapo juu ni balaa. Kwa kuku wasiozidi mia mbili, mimi ningewaweka chini.

*Mwanachama, Kibaha tena: Umeme ukikatika jioni?*
Siku moja haina neno. Ikiwa ni kila wiki, nunua taa ndogo ya sola.

*Mwanachama, Dodoma: Shikamoo mwalimu. Nauziwa kuku "wa wiki 20". Nitajuaje si wazee waliochoka?*
Marahaba. Mshike mmoja mmoja. Kwa kuku wa miguu ya njano, anayetaga muda mrefu hupoteza rangi: kwanza sehemu ya nyuma, kisha mdomo, mwisho miguu. Miguu ikiwa imepauka kabisa, ametaga miezi mingi. Wa wiki 20 miguu yake bado ni ya njano iliyokolea. Kisha gusa mifupa miwili pande za tundu la yai: kidole kimoja kikipita kwa shida, bado hajaanza kutaga; viwili au vitatu vikipita, anataga. Mwombe muuzaji kadi ya chanjo pia, na akikuharakisha kabla hujamaliza kuwashika, rudi na pesa zako.