Ukinunua GPS ya gari ya mtumba, anza na ramani

Mikwaruzo ya kioo si kitu. Kagua ramani iliyomo. Nyingi zinazotoka Ulaya zina ramani za huko tu, na ya Afrika Mashariki utainunua kando. Kwa Dar es Salaam kipimo ninachokiamini ni madaraja: tafuta la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, kisha Tanzanite la 2022. Ukipanga safari ya Coco Beach kutoka hospitali ya Aga Khan ikakuzungusha daraja la zamani la Selander badala ya Tanzanite, ramani imepitwa na wakati. Muulize muuzaji kama bado inaweza kusasishwa.

Halafu toka nayo nje, penye anga wazi. Inahitaji satelaiti 4 kukuonyesha ulipo sawasawa, na chini ya bati la dukani itahangaika bure. Chomoa na chaja, uone betri inavyohimili.